Shikamoo za Jaji

Nilikwenda kununua gari dogo. Nalisema hili mapema nisije nikadhaniwa mtu wa makuu. Nilikuwa nimestaafu miezi mitano, mke wangu alikuwa ametimiza miaka mitatu kaburini, na mwanangu wa pekee, anayeishi ng'ambo, alikuwa amechoka kunisikia kila Jumapili nikimwambia kwenye simu kwamba sijatoka nje tangu Jumatano. "Nunua kagari, baba," akasema. "Uwe unatembeatembea." Kagari, ndivyo alivyosema, na mimi si mtu wa kupuuza kiambishi.

Kazi yangu ilikuwa maneno. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, kwenye chumba cha chini chenye madirisha yanayotazama matairi ya magari ya watu wengine. Hukumu zote za Mahakama Kuu zilipita mezani kwangu kabla ya kwenda mitamboni, nami nilizikagua nukta kwa nukta kwa kalamu nyekundu. Wenzangu waliniita Bwana Koma. Mpaka leo sijui kama walikuwa wanataja alama au walikuwa wananipa amri.

Dalali wa yadi alinitazama viatu, kisha uso, kisha akanitembeza mbele ya vigari kadhaa vilivyooshwa asubuhi ile. Nikaingia kimoja, magoti yakagusa usukani. Nikaingia cha pili, kikanuka moshi wa sigara. Kule nyuma kabisa, chini ya turubai lililofunika nusu tu, nikaona jingine. Lilikuwa jeusi, pana, limeinuka juu ya matairi yanayopita magoti yangu, gari la kupanda milima na kuvuka mito ambalo mwenyewe hakuwahi kulitoa kwenye lami.

"Lile vipi?"

"Lile achana nalo, mzee wangu. Lile lina historia."

Madalali wanajua kututega, na mimi nilitegeka mzimamzima. "Historia gani?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Lilikuwa la Jaji."

"Jaji gani?"

"Mzee, nchi hii ukisema Jaji tu, bila jina, wako wangapi?"

Alikuwa mmoja. Sikuwahi kumwona uso kwa uso, lakini nilimjua kwa koma zake. Katika hukumu zote alizoandika sidhani nilimtia kalamu nyekundu zaidi ya mara tatu, na moja kati ya hizo nilikuwa nimekosea mimi. Sentensi zake zilisimama wima. Mtu ukimsoma miaka yote hiyo bila kukuudhi, unaanza kumhesabu ndugu. Dalali akanieleza kwamba Jaji amestaafu, afya imeyumba, bintiye amemchukua anaishi naye mji mwingine, na huyo binti ndiye anayeuza.

Nikafungua mlango, nikaketi, nikaufunga. Kelele zote za yadi zikakatika palepale. Dashibodi ilikuwa ya mbao, viti vya ngozi rangi ya maziwa, katikati yake jokofu dogo, na nyuma taa ya kusomea. Kiti cha nyuma kushoto kilikuwa kimebonyea kidogo, pale alipokaa yeye na mafaili yake. Juu ya boneti kulikuwa na kipande cha mlingoti wa bendera. Vioo vyote vilikuwa vyeusi ti, na cha dereva kilikuwa na kasoro: kilishuka vidole vinne kikagoma.

"Hiyo si kasoro," dalali akasema bila hata chembe ya haya. "Hiyo ni usalama. Magari ya wakubwa hayafungui vioo ovyo."

Nikalimeza na hilo, nikalilipia kwa kiinua mgongo changu. Jumapili nikamwambia mwanangu.

"Baba," akasema, "hilo lina siti saba. Utampakia nani?"

Nikamjibu kwamba simsikii vizuri.

Gari lenyewe halikuingia getini. Nilibomoa nguzo moja, na bado likawa linalala kichwa ndani, makalio barabarani, jirani zangu wakilizunguka na kusonya. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na viwili nilikuwa siviingii. Asubuhi nilipika chai ya mtu mmoja kwenye sufuria ya watu watano, kwa sababu ile ndogo alijua marehemu alipoiweka, na mimi nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Asubuhi ya kwanza nikatoka na gari kwenda kununua gazeti, ambalo lingeweza kuletwa mlangoni. Kwenye mzunguko, askari wa barabarani akaliona gari, akasimamisha magari ya pande tatu, akanipigia saluti. Nikatazama kwenye kioo kuona nani anakuja nyuma yangu. Hakuna. Mbele kidogo mlinzi wa benki akakaza mwili. Muuza magazeti, ambaye miezi mitano yote alikuwa akinirushia chenji bila kunitazama, akaja mbio huku ameshika gazeti kwa mikono miwili. Njia ileile nilikuwa nimeipita kwa miguu siku zote na hakuna aliyenipisha hata kwenye dimbwi.

Ningeweza kuwaambia kwamba mimi siye. Lakini kioo kilishuka vidole vinne tu, na maelezo marefu kama yale yasingepita. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Kabla ya kufika kwangu kuna njia panda yenye tuta, tuta la wendawazimu, nadhani aliyelijenga alikuwa na ugomvi na mtu. Gari lolote, liwe la nani, ni lazima lisimame ndipo lipande. Kando ya tuta kuna kibaraza, na kwenye kibaraza kulikuwa na fundi cherehani, mwanamke ambaye miaka yote nilimpita bila kumtazama, anakanyaga. Alipoliona gari aliacha kukanyaga. Akainuka, akashuka ngazi moja, akasimama wima.

"Shikamoo, Jaji."

Hakuwa anajipendekeza. Wale wengine wote waliliamkia gari. Huyu alimwamkia mtu aliyemo ndani, kisha akanyamaza kusubiri. Jamani, ulikuwa umepita muda gani tangu mtu asubiri neno kutoka kinywani mwangu? Nikajikuta nimepeleka mdomo kwenye ule ufa wa kioo.

"Marahaba," nikasema.

Hilo ndilo kosa langu, na naomba lisionekane dogo. Shikamoo si sawa na habari. Habari unaweza kuiokota njiani, ukajibu nzuri, ukaenda zako. Shikamoo ina mwenyewe. Mtu fulani anampa mtu fulani, na anayeitikia amekubali kwamba ndiye. Na si hilo tu. Yule mama, nilipomtazama vizuri, alikuwa amenizidi miaka kumi au zaidi, nywele nyeupe pe, mgongo umeshaanza kuifuata cherehani. Kwa umri, mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia. Yeye alikiamkia cheo, na mimi cheo sina, sijawahi kuwa nacho. Nikaipokea shikamoo ya mtu wa rika la dada yangu mkubwa, nikapanda tuta, nikaondoka.

Kwenye kioo nikamwona ameketi ngazini, mikono kichwani. Nikadhani ni jua.

Kesho yake nilirudi, na keshokutwa. Alikuwa anasimama vilevile, anasema vilevile, anasubiri, naitikia. Nikaanza kunyoa ndevu kila siku. Nikaanza kupiga pasi mashati ya kazini ambayo nilikuwa nimeshaapa kuyagawa. Bafuni nilijaribu marahaba nzito, nikajaribu marahaba ya mtu mwenye shughuli nyingi, mwisho nikaamua ile ya wastani inatosha. Naona aibu kuyaandika haya lakini nilikuwa na furaha. Mtu mzima, mwenye akili timamu, nilikuwa naishi kwa neno moja kwa siku, tena la kuiba.

"Sauti yako imechangamka, baba," mwanangu akasema Jumapili moja.

"Kuna mtu nazungumza naye."

"Nani?"

"Fundi cherehani mmoja, huku karibu."

"Vizuri! Mnazungumza nini?"

"Mambo mengi," nikasema.

Siku ya arobaini hakuishia ngazini. Alikuja mpaka kwenye gari, karibu kiasi kwamba niliona sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya blauzi yake.

"Shikamoo, Jaji."

"Marahaba."

"Nilikuwa nasubiri nione kama utaendelea kuitikia," akasema. "Umeendelea. Basi isome hii, nakuomba. Kamati inakaa mwisho wa mwezi."

Akaipenyeza bahasha kwenye ufa. Nilichotakiwa kufanya ni kuirudisha kwa ufa uleule. Nikaipokea, na gari la nyuma yangu likapiga honi, nikaondoka.

Niliisoma kwenye meza ya kulia chakula. Alikuwa ameandika kwa mkono, kurasa mbili, maneno mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa katikati. Naiweka hapa kwa kifupi, na kama inavyosomeka baada ya kusahihishwa.

"Mheshimiwa Jaji, mimi ni mama wa yule kijana wa ghala. Aligombana na mwenzake kazini akamsukuma, mwenzake akaanguka ngazini akafa, nawe ukampa miaka ishirini na mitano. Sikatai alichofanya. Ametimiza kumi na sita. Kamati ya msamaha imemkataa mara mbili, na karani wao aliniambia kwamba neno kutoka kwa jaji aliyemfunga lingewafanya wamtazame upya. Nilikuandikia mahakamani mara nne. Hukujibu. Ndipo nikaihamisha cherehani yangu nikaileta hapa kwenye tuta, kwa sababu gari lako ni lazima lisimame. Miaka kumi na moja nimekuamkia kila unapopita. Nisamehe kwa kusema ukweli, sikuwa nakuamkia kwa heshima. Nilitaka uitikie siku moja tu, maana mtu akishakuitikia hawezi tena kusema hakukuona. Ulipostaafu gari likapotea, nikajua imekwisha. Halafu ukarudi, unaendesha mwenyewe, na ukaitikia. Nikasema cheo kimemtoka, sasa anasikia. Naomba uniandikie mistari michache."

Nilipofika kwenye jina lake nikagundua kwamba mkononi nina kalamu nyekundu. Sikukumbuka kuichukua. Barua nzima ilikuwa imechafuka: nimetenganisha maneno, nimetia koma, nimefuta irabu moja nikaweka nyingine. Makosa kumi na saba. Barua ya mama anayemwombea mwanawe, nami nimeipitia kana kwamba imeletwa kutoka mitamboni.

Hukumu ya yule kijana lazima nayo ilipita mezani kwangu, kwa sababu zote zilipita. Nilikaa pale nikijaribu kuikumbuka. Zile koma za Jaji nilizikumbuka vizuri. Katika watu waliofungwa nazo sikumkumbuka hata mmoja.

Nikampigia dalali, akanipa namba ya binti wa Jaji baada ya kuhakikisha mara tatu kwamba sitaki kulirudisha gari. Binti akapokea. Nyuma yake nilisikia redio na mtu anaburuta kiti.

"Baba hatambui mtu," akaniambia. "Anaamka asubuhi ananiamkia mimi. Shikamoo, ananiambia. Mimi, bintiye! Anamwamkia mpishi, anamwamkia anayeleta maji. Zamani hata sisi wanawe alikuwa hatuitikii, anainua mkono tu akiwa anasoma. Sasa zimemfunguka zote kwa mpigo." Akacheka, kicheko cha mtu ambaye halali vizuri. "Ulikuwa unataka nini, mzee?"

"Ilikuwa habari ya gari tu," nikasema.

Alasiri ile nilifanya jambo jingine ambalo sijivunii. Nilichukua karatasi nzuri nikaiandika mimi ile barua aliyoombwa Jaji. Hakuna mtu aliye hai anayeijua sentensi yake kuliko mimi: jinsi anavyoanza na lililo dhidi ya mtu, anavyotua, kisha anavyogeuka kwa "hata hivyo" moja tu katika ukurasa mzima. Sahihi yake nilikuwa nimeiona maelfu ya mara. Ikatoka nusu ukurasa, safi, hata mimi ningeiamini. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya kwa kalamu. Kisha nikafikiria kamati ikimpigia simu yule binti, nikaogopa, nikaichana. Nakiri kwamba woga ndio uliotangulia, na aibu ikaja baadaye.

Siku mbili nilipita njia nyingine. Nilikuwa najua kinachonizuia. Nikimwambia, sitakuwa na wa kunisimamia tena asubuhi, nitarudi kwenye sufuria yangu ya watu watano. Nisipomwambia, kamati itakaa, naye atakuwa amekaa kibarazani akisubiri barua ya mtu anayemwamkia mpishi. Siku ya pili niliuona mwili wangu umekaa mezani saa nne asubuhi na ndevu hazijanyolewa, nikajichukia kiasi kwamba nikainuka.

Siku ya tatu nilisimama kwenye tuta, nikazima injini, nikafungua mlango.

"Shikamoo, Ja..." Akaona kiatu, akaona suruali, akaniona mimi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye kiti cha nyuma. "Jaji yuko wapi?"

Nikamwambia. Nilieleza yote nimesimama pale juani, yadi, ule ufa wa kioo, bintiye, shikamoo anazompa kila mtu. Nilieleza kwa mpangilio kwa sababu ndivyo nilivyozoea, na kadiri nilivyopanga vizuri ndivyo nilivyozidi kusikika mtu mbaya.

"Kwa hiyo zile marahaba zilikuwa zako," akasema.

"Zangu."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Na barua yangu?"

Nikaitoa mfukoni. Nilikuwa nimefikiria kuinakili upya kwa wino mweusi, nikaona kwamba huko kutakuwa kumdanganya mara ya pili. Akaifungua. Akaigeuza ukurasa wa pili, akaurudia wa kwanza.

"Umenisahihisha."

"Ni mazoea tu, mama. Mkono wenyewe."

"Nilikosea mara ngapi?"

"Kumi na saba."

Akaikunja taratibu kwenye mikunjo yake ileile. "Ungenisahihisha siku ya kwanza, nilipokuita Jaji. Siku ile lilikuwa kosa moja tu."

Nikamwomba msamaha. Alirudi kibarazani, akaifunika cherehani kwa kitambaa, akaifunga kamba, akachukua mkoba wake.

"Siku ile ulipoitikia," akasema akiwa bado amenipa mgongo, "nilikwenda gerezani. Haikuwa siku ya kutembelea. Nililia pale getini mpaka wakachoka na mimi, wakaniingiza. Miaka yote ninampelekea sabuni na soksi. Siku ile nikampelekea marahaba. Nikamwambia, mwanangu, Jaji ameitikia. Tangu hapo anakula. Ananiuliza kama kitanda chake bado kipo, kama nimepangisha chumba." Akageuka. "Leo ndiyo siku ya kutembelea. Tutakwenda, na utamwambia wewe."

"Mama, mimi sidhani kama..."

"Ulisema na mimi kwenye ufa siku arobaini. Leo utasema na mtu uso kwa uso. Mimi nilishampa habari njema, hii nyingine siiwezi."

Nikamfungulia mlango wa mbele. Hakuutazama. Akafungua mwenyewe wa nyuma, kushoto.

"Ndipo alipokuwa anakaa?"

"Hapo hapo."

Akapanda kwa shida, akaketi, akaweka mkoba magotini. Nikageuza gari, tukalipanda tena lile tuta, tukapita mbele ya kibaraza chake, polepole kama inavyobidi.

"Kumbe ukikaa hapa unaona vizuri kabisa," akasema. "Unaona mpaka rangi ya uzi. Siku zote nilikuwa najiambia labda kioo kinamzuia."

Tulikwenda safari nzima hivyo, yeye nyuma, mimi mbele, na jokofu katikati likinguruma bila kitu ndani. Mara moja nilimuuliza kama baridi ya kiyoyozi imezidi. Akasema haijazidi.

Kwenye geti la gereza mlinzi aliliona gari kwa mbali akakimbilia kamba, akainua kizuizi chote, akapiga saluti iliyomtoa jasho.

"Mwambie," sauti ya nyuma ikasema.

Nikasimama, nikafungua mlango, nikamwambia mlinzi kwamba mimi si Jaji na si mtu yeyote, nimemleta mama kumtembelea mwanawe.

Akaushusha mkono. "Kama si mtu yeyote, mbona unaniziba njia?" akasema. "Rudisha nyuma, egesha kule nje kwa wenzako."

Tukapanga foleni. Tulipekuliwa, tukaandikwa kwenye daftari. Karani akaniuliza uhusiano wangu na mfungwa, mama akasema, "Andika, yuko na mimi." Chumba cha kuonana kilikuwa na benchi refu, wavu katikati, na feni moja inayozunguka upande mmoja tu. Tukaketi. Kati ya bega lake na langu angeweza kukaa mtu wa tatu.

Akaja. Nilikuwa nimemweka kichwani kama kijana, kwa sababu barua ilisema kijana, lakini alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, kipara kimeanza, amenyolewa ndevu vizuri kama mimi nilivyokuwa nimenyoa kwa siku arobaini. Alitembea haraka. Akamwamkia mama yake, mama akaitikia, akamuuliza habari ya kikohozi. Kisha akanigeukia. Hakunijua mimi ni nani, lakini aliona mzee aliyevaa shati la kola, ameketi upande wa mama yake, na uso wake ukafunguka wote, kwa sababu alidhani nimetoka huko kunakotoka habari.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Hii sasa ilikuwa yangu. Sikumwibia mtu. Ilikuwa ya umri wangu, ya mvi zangu, na aliyeitoa alikuwa ananitazama machoni na kusubiri. Miezi yote ile nilikuwa nimelilia kitu hiki hasa. Ulimi ukagoma. Nilijua nikishaitikia nitakuwa nimekubali kwamba ndimi, mtu mwenyewe, na kwamba maneno yatakayofuata yametoka kwangu na si kwa mwingine.

Akaendelea kusubiri. Tabasamu lake likaanza kupungua upande mmoja, na macho yake yakaenda kwa mama yake kuuliza.

"Mwitikie," mama akaniambia. "Huyo anakuamkia wewe."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, kisha nikasogea karibu na wavu nikaanza kumweleza.